Lile bafu liko wapi?

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za jioni. Nimepewa dakika 20 na mwenye saa amekaa hapa mbele ananiangalia kama ananidai, kwahiyo salamu ziishie hapo. (Kwa ambao hamkufika, hii ndo ile hotuba ya kumpeleka mahakamani fundi aliyeharibu kazi, nimeiandika vile vile nilivyoiongea, msianze kunisahihisha.)

Kwanza niseme kabisa mi si mwanasheria. Mi nilimpeleka fundi mahakamani nikashindwa, alafu miaka ikapita nikamsindikiza dada angu kumpeleka fundi mwingine, huko tukashinda, na nilipokaa kuzilinganisha zile kesi mbili nikagundua yule fundi wangu alikua ameharibu kazi kuliko wa dada. Yaani mwenye kosa kubwa ndo aliyetoka anacheka. Jioni hii nataka niwaambie kwanini.

Yangu ilikua bafu. Tulikubaliana abomoe la zamani, aweke paipu mpya, apake dawa ya kuzuia maji, apige tailizi sakafu na kuta. Tukakubaliana kwa mdomo tumesimama mlangoni, nikampa advansi, risiti hakuna. Alipomaliza bafu linang'aa, nikamsifu, nikamlipa karibu zote. Wiki ya kwanza mwanangu anacheza gololi mle ndani, ananiita njoo uone, anaiweka gololi pembeni ya tundu la kutolea maji, anaiachia, na gololi inajiendea taratibu mpaka mlangoni. Akaona ni mchezo mzuri sana. Mi nikaelewa kwanini kila tukioga maji yanatufata kwenye korido. Wiki ya tatu dari la chumba cha chini likatoa doa rangi ya chai, likawa linakua kila siku kama lina akili.

Nikampigia. Kesho nakuja. Nikampigia tena, kesho. Kesho nne zikapita alafu simu ikawa haipokelewi. Hapo ndo nikafanya kosa ambalo naomba mlisikilize kuliko vyote nitakavyosema leo. Nilipata hasira nikaita fundi mwingine, nikamwambia ng'oa kila kitu, anza upya. Siku moja tu kubomoa kukaisha, vifusi vikatiwa kwenye mifuko, gari likaja likabeba. Nikawa najisikia mwanaume kweli kweli. Alafu ndo nikaenda kufungua kesi.

Hakimu alikua mama mmoja anaongea taratibu mno. Akaniuliza, lile bafu unalolalamikia liko wapi? Nikamwambia mheshimiwa nilishalibomoa. Akauliza, huyu bwana aliliona kabla hujabomoa? Nikasema nilimpigia simu. Alikuja? Hapana. Ulimwandikia? Nikanyamaza. Akaomba picha. Nilikua na picha tatu, moja ina dole gumba langu, moja imepigwa usiku, moja nzuri lakini inaonyesha bafu zuri, maana niliipiga siku ile ya kumsifu. Yule fundi akasimama akasema sentensi moja tu, mheshimiwa mi sikupewa nafasi ya kuona tatizo na sahivi hakuna cha kuona. Akakaa. Jamani ilikua sentensi nzuri, hata mi niliikubali rohoni. Shauri likatupwa.

Tunafundishwa tangu utoto usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye nyumba ni kweli, ila kwenye kesi ya fundi ukikimbilia kuziba ufa umezika shahidi wako mkubwa, na ukuta utajenga kwa hela yako.

Sasa tuangalie mahakama inatafuta nini, kwasababu wengi tunaenda kule na machungu wakati machungu hayana kipimo. Fundi akikubali kazi yako tayari kuna mkataba, hata kama ni wa mdomo, na sheria za nchi nyingi zinaingiza humo sharti ambalo hamkulitaja: kwamba atafanya kazi kwa uangalifu na ujuzi unaotegemewa kwa fundi wa fani hiyo. England na Wales wameliandika kwenye sheria yao ya haki za walaji ya 2015, na humo humo wakaweka kwamba kazi isipokua na kiwango mteja anaweza kudai irudiwe kwa gharama ya fundi, ikishindikana au ikichelewa mno adai bei ipunguzwe. Na wala si wazo la kizungu la juzi. Sheria za Hammurabi wa Babeli zina karibu miaka 3,800, zimechongwa kwenye jiwe ambalo leo liko makumbusho ya Louvre kule Paris, na ile ya 233 inasema mjenzi akijenga nyumba ukuta ukaanza kuinama, auimarishe kwa mali yake mwenyewe. Ile ya 229 nyumba ikimwangukia mwenye nyumba akafa, mjenzi naye anauawa. (Hapa kuna mtu nyuma alisema "safi sana", nikamwambia punguza bana.)

Kwahiyo swali ni moja, je fundi mwenye ujuzi wa kawaida angefanya hivi? Kama hupendi ile rangi na wewe mwenyewe uliichagua, huna kesi. Lakini maji ya bafuni kwenda mlangoni badala ya kwenye tundu hakuna fundi duniani atakayesimama aseme ndo tunavofundishwa. Tofauti ya hivo vitu viwili lazima uipime, na kitu cha kupima ni ile kazi yenyewe. Ukishabomoa huna.

Kwa dada angu ilikua sakafu ya sebule na korido. Nilipoingia nikamkuta ameshashika simu anamtafuta fundi wa kung'oa. Nikamwambia dada weka simu chini, hakuna anayegusa hata tailizi moja. Aliniona mwendawazimu. Tukachukua sarafu, tukapiga magoti, tukaanza kugonga tailizi moja moja mstari kwa mstari. Tailizi iliyoshika vizuri inatoa sauti fupi, nzito. Iliyo tupu chini inalia kama unagonga kopo. Kila iliyolia kopo tukaibandika kipande cha gundi ya karatasi, na tulipomaliza tukapiga picha tumesimama mlangoni, sebule yote imejaa vile vikaratasi vyeupe. Ile picha baadae mahakamani haikuhitaji maelezo. Alafu tukaweka pima maji sakafuni, futi kamba pembeni yake, tukapiga picha kwa karibu mpaka namba zinasomeka. Kila kasoro picha mbili, ya mbali ionyeshe ni wapi ndani ya nyumba, ya karibu ionyeshe ni kubwa kiasi gani. Picha ya karibu peke yake inaweza kua ya nyumba yoyote na mdaiwa atakwambia hivo hivo usoni.

Meseji usifute hata moja, hata zile ulizotukana, kwasababu mwenzio anazo. Ile sauti aliyokutumia akisema "bosi nimeelewa, nitarekebisha" ina thamani kuliko mashahidi watano. Hela tuma kwa njia inayoacha alama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na aliyetunga hiyo methali nadhani alishawahi kujenga.

Jingine dogo lakini linaua kesi: unamshtaki nani? Mi kwenye simu yangu yule bwana alikua "Fundi Bafu", basi. Siku ya kujaza fomu karani ananiuliza jina kamili la mdaiwa na anapopatikana, nikaanza kuhangaika kwa majirani. Wito hauendi kwa Fundi Bafu. Kama uliingia mkataba na kampuni, mdaiwa ni kampuni, kwa jina lake lililosajiliwa, hata kama aliyekuja kupiga nyundo ni kijana tu aliyepewa kibarua. Na kama ulikubaliana na kumlipa mtu mmoja alafu yeye akaleta wengine, wa kumdai ni yule yule wako, akadaiane na vijana wake huko mbele. Jina kamili muombe siku ya kwanza mkiwa bado mnacheka, ukisubiri ugomvi hatakupa.

Turudi kwenye ile nafasi ya fundi kuja kuona na kurekebisha, maana hapa watu wengi wananibishia. Wananiambia huyo mtu kaharibu, kwanini nimrudishe ndani kwangu aharibu tena? Naelewa. Lakini angalia upande wa hakimu. Anataka kujua kama ulitumia akili kupunguza hasara, na kumwita aliyeharibu arekebishe bure mara nyingi ndo njia ya bei rahisi kuliko zote. Ukimnyima hiyo nafasi bila sababu ya maana unaweza ukapunguziwa fidia, unaweza hata ukaikosa. Mwandikie. Kasoro ni hizi, picha hizi hapa, njoo uone, nakupa siku 14 unijibu utarekebishaje. Muda wenyewe utategemea kazi, na kuna nchi sheria yao inataja taratibu zake za barua kwahiyo uliza. Asipokuja, kutokuja kwake sasa ni ushahidi wako. Akija akaharibu tena, umepata ushahidi mara mbili, na kuanzia hapo hakuna atakayekulaumu ukimkatalia kurudi mara ya tatu.

Kuna ambavyo havisubiri barua. Waya zinatoa cheche, gesi inanuka, maji yanamwagika kwa jirani. Hapo zima, funga, ita mtu wa dharura, usije ukafa unatunza ushahidi. Ila piga picha kabla hajagusa na wakati anafungua, na akishamaliza mwambie kile alichokitoa akuachie. Ile paipu, ile soketi iliyoungua, weka kwenye mfuko, andika tarehe juu, funika. Mi ningekua nimetunza hata tailizi sita na kipande cha sakafu kinachoonyesha chini hakuna dawa ya kuzuia maji, leo nadhani hotuba ingekua nyingine.

Mtaalamu. Nilipeleka mahakamani yule fundi wangu wa pili kama shahidi. Aliongea vizuri kweli, akaulizwa swali moja, wewe ulilipwa kubomoa na kujenga upya? Ndio. Basi, ushahidi wake ukapoa pale pale, kwasababu kila fundi duniani akikuta kazi ya mwenzie anaanza kwa kutingisha kichwa na kuguna, ndo anavojipatia kazi. Kwa dada tulitafuta mkaguzi ambaye hatafanya marekebisho, hana cha kupata tukishinda wala tukishindwa. Tena tulimwandikia yule fundi kwamba mkaguzi anakuja siku fulani saa fulani, karibu uwepo. Na wala hatukumuomba mkaguzi aandike kwamba fundi ni mbaya. Tulimuomba vitu vinne: amepima nini na kwa kifaa gani, kasoro imetokana na nini, fundi wa kawaida angefanyaje, na kurekebisha kutahitaji kazi gani kwa bei gani. Ripoti yake ilikua kurasa saba, haina neno kali hata moja, na ndo iliyotushindia.

Kwenye kiasi cha kudai punguzeni tamaa. Kimsingi unadai gharama ya kurekebisha, unajumlisha uharibifu uliosababishwa na ile kazi, kwa mfano lile dari langu, unatoa ile hela ambayo bado ulikua hujamlipa. Watu wanasahau hiyo ya mwisho. Kama ulibakiza robo ya malipo huwezi kudai kana kwamba ulilipa zote. Na huwezi kuagiza tailizi za kawaida zikaharibika alafu udai za marumaru.

Kuna kesi ya Uingereza ya 1995 ilifika mpaka ngazi yao ya juu kabisa. Mtu aliagiza bwawa la kuogelea upande wa kina liwe futi 7 na inchi 6, likajengwa futi 6 na inchi 9. Kulijenga upya kulihitaji zaidi ya pauni 21,000. Lakini bwawa lilikua salama hata kwa kupiga mbizi na thamani ya nyumba haikushuka. Akapewa pauni 2,500 tu, kwa kukosa ile raha aliyoitaka. New York nako 1921 mwenye nyumba aligoma kumalizia malipo kwasababu paipu zilizowekwa hazikua za kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba, ingawa ubora ulikua ule ule na zilishafukiwa ndani ya kuta. Jaji Cardozo na wenzake walio wengi wakasema huwezi kubomoa nyumba kwa hilo, kipimo ni tofauti ya thamani, na tofauti hapo ilikua karibu na hakuna. Mi kwa maoni yangu yule wa bwawa alionewa kidogo, ukilipia inchi upewe inchi, ila ndo sheria inavyofikiri: inauliza kama kurekebisha kuna uwiano na hasara uliyoipata. Kwahiyo ukiwa na kasoro moja pembeni usiende kudai nyumba nzima, utamfanya hakimu akutilie shaka hata kwa ile ya kweli.

Kuhusu kushikilia hela yake, unaweza, lakini shikilia inayolingana na kasoro na umwandikie kwanini. Ukishikilia zote kwa ajili ya mlango mmoja unaosugua chini, atakushtaki yeye, na wewe ndo utakua unaleta madai kinzani, yaani ya kwako ndani ya kesi yake.

Barua ya mwisho kabla ya kesi iwe fupi, baridi. Tulikubaliana hivi tarehe hii, ulifanya hivi, mkaguzi kasema hivi, nadai kiasi hiki, jibu ndani ya siku kadhaa la sivyo nafungua shauri. Matusi hapana, kutishia polisi hapana. Kazi mbovu kwa kawaida ni madai, si jinai, labda kama tangu mwanzo alikusudia kukutapeli na unaweza kulithibitisha. Na kumbandika sura mtandaoni "mwizi huyu" hapo unamtengenezea yeye kesi ya kukudai wewe. Akitaka suluhu kaeni, mwiteni msuluhishi, siku mbili za kuongea zinaweza kuokoa mwaka mzima.

Muda wa kufungua kesi nao unakatika. England na Wales una miaka 6 tangu mkataba uvunjwe. Ujerumani kwa majengo ni miaka 5 tangu uipokee kazi, Ufaransa kasoro zinazotishia uimara wa jengo au kulifanya lisifae kutumika, mjenzi anawajibika miaka 10. Ya kwako itafute wiki hii hii, usisubiri doa likue.

Na mahakama yenyewe nchi nyingi zina utaratibu wa madai madogo, fomu rahisi, ada ndogo, unaongea mwenyewe bila wakili. Peleka karatasi zako zimepangwa kwa tarehe na zina namba, nakala tatu. Hakimu akisema kielelezo namba 4 wewe usianze kupekua simu. Mi nilipekua simu nikaanza kuonyesha picha za harusi.

Cha mwisho ambacho hakuna aliyeniambia: hukumu si hela. Mahakama inakupa karatasi inayosema unamdai, kukazia hukumu, yaani kumlazimisha akulipe, ni safari nyingine, na nchi nyingi haziruhusu umnyang'anye mtu vile vifaa vyake vya msingi vya kazi. Kwahiyo kabla ya kulipa ada ya kwanza jiulize huyu mtu ana nini, ana kipato gani, ana bima? Kampuni iliyobaki jina tu utaishinda vizuri sana na hutapata kitu.

Yule fundi wa dada alikuja siku ya mkaguzi, sikutegemea. Alisimama mlangoni akaangalia vile vikaratasi vyeupe vyote, akachuchumaa, akatoa sarafu yake mfukoni akagonga mwenyewe tatu nne hivi, hakusema neno. Mahakamani alibisha bei tu, kazi hakubisha. Dada alipewa kama theluthi mbili ya alichodai ukitoa salio alilokua hajalipa, na akakubali kulipwa kwa awamu sita. Nne zimeshaingia. Ya tano inatakiwa Ijumaa hii, alishatuma meseji kuomba asogezewe wiki moja, na dada, nafurahi kusema, amemjibu kwa maandishi.

Haya mwenye saa naona ameshasimama. Maswali. Mama pale nyuma ulinyoosha mkono tangu kwenye gololi, karibu.